Kichwa cha Ramadhani, presha na usingizi: tuhesabu kafeini yote, si kahawa ya baraza tu

KauntaYaNgamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Zile siku za mwanzo za mfungo, pale kwenye duka letu la dawa Ngamiani, hapa Tanga, hakuna dawa inayotoka kama dawa ya kichwa. Watu wanaanza kuingia baada ya magharibi, kiganja kwenye paji la uso, na maelezo ni yale yale: njaa, jua, uchovu. Wachache wanasema kijicho cha jirani, nao siwabishii. Lakini nikiuliza, "Kwa kawaida kahawa unakunywa vikombe vingapi kwa siku?" mtu anacheka, anaona nimepotea njia.

Sijapotea. Nataka leo tuzungumze kafeini, na nitaandika kirefu kwa sababu mji wetu huu unaishi kwa chai na kahawa kuliko tunavyokubali.

Kwanza inafanyaje kazi. Tangu uamke asubuhi, ubongo unazalisha kitu kinaitwa adenosini. Kinajikusanya taratibu, kikifika kwenye vipokezi vyake mwili unapata taarifa: umechoka, kalale. Kafeini ina umbo la kufanana nacho, kwa hiyo inawahi kukalia nafasi hiyo, kama abiria anayekaa kwenye siti ya mtu aliyeshuka mara moja kununua maji. Mwenye siti akirudi, hana pa kukaa. Uchovu wako uko pale pale, ila taarifa haifiki. Kafeini ikishapungua, adenosini yote iliyorundikana inaingia kwa mkupuo, ndiyo maana aliyepiga kopo la enaji saa 8 mchana anasinzia kwenye kiti saa 1 jioni.

Anayekunywa kila siku, mwili unazoea. Ubongo unaongeza vipokezi, na mishipa ya damu kichwani, ambayo kafeini huibana kidogo, inakuwa imezoea kubanwa. Siku ukikatisha ghafla, mishipa inatanuka, na vipokezi vyote viko wazi. Hapo ndipo kichwa kinapogonga. Maumivu hayo huanza saa 12 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho, yanakuwa makali siku ya kwanza na ya pili, na yanaweza kudumu kati ya siku 2 na 9. Tena siyo kichwa peke yake. Kuna hasira za ovyo, usingizi mzito, kushindwa kutuliza akili, wengine kichefuchefu. Madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza hali hii kwenye kitabu chao cha magonjwa mwaka 2013, kwa hiyo si uzushi wa muuza dawa.

Sasa pigeni hesabu ya Ramadhani. Mtu wetu anatoka tarawehe, anakaa barazani, anakunywa kahawa mpaka saa 5 usiku. Kikombe kinachofuata ni kesho yake wakati wa futari. Hapo katikati zimepita karibu saa 20. Saa 9 alasiri kichwa kinaanza, saa 12 jioni hataki kusemeshwa. Akifuturu na chai ya rangi, baada ya nusu saa kichwa kimekwisha. Anashukuru tende.

Hesabu ya pili ni ya jumla. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja, mililita 240, kina kama miligramu 95 za kafeini. Kahawa ya unga wa kuyeyuka kwenye maji, kama 60. Chai ya rangi kikombe hicho hicho, 40 hadi 50. Coca-Cola ya mililita 330, kama 32. Red Bull ya mililita 250, miligramu 80. Na hii ndiyo wengi hawaijui: kidonge kimoja cha Panadol Extra kina parasetamoli 500 na kafeini 65. Ukimeza viwili, umekunywa chai tatu bila kuonja sukari.

Kwa mtu mzima mwenye afya, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba hadi miligramu 400 kwa siku nzima, na zisizidi 200 kwa mkupuo mmoja, hazileti wasiwasi. Mjamzito na anayenyonyesha, 200 kwa siku.

Kahawa ya dele, lile birika la wauza kahawa wa barazani, nimeiacha makusudi, maana inategemea mkono wa mpikaji. Kama kuna muuza kahawa humu ndani, aje atusaidie.

Karibuni.

Kibonge_wa_Mabawa

Nimewahi siti. Hapo kwenye Panadol umenimaliza mkuu. Mie nameza hizo kisha nasukumia na chai.

Dele_na_Seredani

Umeniita, nimekuja. Mie nauza Ngamiani huko huko, naanza baada ya laasiri, siku za mfungo naanza baada ya tarawehe. Dele langu kubwa linaingia robo kilo ya unga, na tangawizi iliyotwangwa, kidogo ya iliki. Likiisha nimetoa vikombe themanini hivi, kidogo juu kidogo chini, inategemea wateja wana kiu gani. Likipungua siongezi maji, wale wazee wa bao wanajua papo hapo, wanakurudishia kikombe mbele ya watu.

Unga nachanganya. Ya Kilimanjaro kwa harufu, ya Bukoba kwa nguvu.

KauntaYaNgamiani

Dele, Mungu akubariki, hiyo ndiyo taarifa niliyokuwa naitafuta.

Kahawa ya Kilimanjaro ni arabika, kafeini yake ni kama asilimia 1.2 ya uzito hadi 1.5. Ya Bukoba sehemu kubwa ni robusta, inaanzia kama asilimia 2.2 na kupanda. Kwa hiyo robo kilo ya arabika tupu ina kafeini miligramu 3,000 angalau. Gawa kwa vikombe 80, kila kimoja kinapata kama 37. Ikiwa robusta tupu, ni 5,500, kila kikombe karibu 69. Wewe unayechanganya uko katikati, tuseme 50, hata kama si yote inayotoka kwenye unga.

Maana yake, vile vikombe vinne vidogo ambavyo watu wanasema "nimeonja tu" ni miligramu 200. Ongeza chai mbili za asubuhi na vitumbua, 90. Soda ya mchana, 32. Panadol Extra mbili za kichwa, 130. Jumla 452. Na huyu bwana ukimuuliza atakwambia yeye si mtu wa kahawa.

Mzee_wa_Bao

Vijana, nawasoma. Kahawa hii babu zetu wamekunywa, sie tumekunywa, na wengi wamefika miaka themanini wakipanda baiskeli kutoka Duga mpaka sokoni. Hamjui pia kwamba waliotangulia kuipika kahawa kule Yemeni walikuwa masufi, wakiinywa ili wakeshe kwenye dhikri. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, akidai inakusanya watu wanaosemasema. Sultani kule Kairo akaitengua marufuku. Leo maulidi ipo kahawa, matanga ipo kahawa, posa ipo kahawa. Mkitaka kuitia dosari mje na hoja nzito.

KauntaYaNgamiani

Shikamoo mzee. Wala siitii dosari. Wanywaji wa kahawa katika tafiti nyingi kubwa wanaonekana kuugua zaidi? Hapana, kinyume chake: kisukari aina ya pili, ugonjwa wa ini kusinyaa na ugonjwa wa Parkinson vinaonekana kwa uchache kwao. Tafiti hizo ni za kufuatilia watu, haziwezi kuthibitisha kwamba kahawa ndiyo iliyowakinga, lakini zinatosha kumtoa kahawa kwenye orodha ya maadui.

Mie ninachosema ni saa ya kunywa na jumla ya siku. Baba yangu mdogo alikuwa anasema anakosa usingizi kwa mawazo, kumbe kikombe chake cha mwisho ni saa 4 usiku.

Kafeini inachukua kama saa 5 kupungua nusu kwa mtu mzima wa kawaida. Ukiingiza 200 saa 1 jioni, saa 6 usiku bado una 100, saa 11 alfajiri una 50, yaani adhana inakukuta na chai nzima ndani ya damu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwapa watu miligramu 400 saa 6 kabla ya kulala, wakapoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi.

Mzee_wa_Bao

Marahaba. Mie nakunywa saa 3 usiku na nalala fofofo.

KauntaYaNgamiani

Inawezekana kabisa mzee. Kuna watu ini lao linaisafisha kafeini haraka, ni maumbile ya kurithi. Wavuta sigara pia, moshi unalichochea ini, wao kafeini inawatoka mbio. Ndiyo maana mvutaji akiacha sigara na kubaki na kahawa ile ile anajikuta anatetemeka mikono, akidhani ni hamu ya sigara tu.

Kibonge_wa_Mabawa

Tatizo langu na hizi tafiti ni moja. Leo Wazungu wanasema kahawa inaleta saratani, kesho inazuia. Tuwaamini lini?

Sista_wa_Zamu

Kibonge, ngoja nikujibu hilo maana nalisikia kila siku wodini.

Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kahawa mwaka 1991 kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani ya kibofu. Tatizo la ushahidi ule lilikuwa sigara: wanywaji wengi wa kahawa waliokuwa wanafuatiliwa walikuwa pia wavutaji. Ushahidi ulipokuwa mwingi zaidi, mwaka 2016 wakaitoa kahawa kwenye kundi hilo. Hiyo ndiyo kazi ya sayansi, kurudia hesabu.

Lakini mwaka huo huo wakasema jambo jingine ambalo watu hawakulisikia kwa sababu ya kushangilia kahawa. Kinywaji chochote cha moto kupita nyuzi 65, iwe chai, kahawa, hata maji, kimewekwa kwenye kundi la vinavyoelekea kuleta saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Na ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki saratani ya umio ni nyingi. Wagonjwa wanakuja wakati hata uji haupiti.

Kwa hiyo wale mnaoshindana kumaliza kikombe kikiwa kinatoka moshi, acheni. Bibi zetu walikuwa wanamimina chai kwenye kisosi, wanaipuliza, ndipo wanakunywa. Tukawacheka.

Dele_na_Seredani

Sista, kikombe changu ni kidogo, kinapoa upesi. Wenye haraka ni wateja, si mie. Kuna mmoja ananiambia "niwekee ya kuunguza."

Sista_wa_Zamu

Huyo mwambie aweke kikombe chini amalize kashata kwanza.

Na kwa kuwa uko hapa, kuna jambo la kahawa ya dele lenyewe. Kahawa ya kuchemshwa bila kuchujwa inabaki na mafuta yake, ndani yake kuna vitu viwili vinaitwa kafestoli na kahweoli vinavyopandisha lehemu mbaya (kolesteroli) kwenye damu. Karatasi ya kuchujia inavizuia, chujio la chuma halivizuii vya kutosha. Mwenye lehemu ya juu anayekunywa vikombe vingi vya dele kila siku, hilo amwambie daktari wake. Anayekunywa viwili vitatu sina ugomvi naye. Acha machicha yatulie chini kabla ya kumimina, inasaidia.

Fuso_la_Horohoro

Wakuu mie dereva. Napokea mzigo Horohoro, nashuka mpaka Dar. Usiku pale Segera ndipo macho yanapoanza kuwa mazito, Chalinze yakianza kuona watu barabarani ambao hawapo. Natembea na enaji tatu kwenye dashibodi. Ushauri?

KauntaYaNgamiani

Fuso, ukifika mahali unaona watu ambao hawapo, enaji haikuokoi. Ubongo ukishazidiwa unajizima wenyewe kwa sekunde kadhaa, macho yakiwa wazi, na kafeini haizuii hilo.

Kuna mbinu ambayo Chuo Kikuu cha Loughborough kule Uingereza kiliijaribu kwa madereva wenye usingizi miaka ya 1990 na ikafanya vizuri. Unapaki mahali salama, unakunywa kahawa kikombe kimoja haraka, kisha unafumba macho dakika 15, zisizidi 20. Kafeini inahitaji karibu nusu saa kupanda vizuri kwenye damu. Wakati inapanda, ule usingizi mfupi unapunguza adenosini. Ukiamka, vyote viwili vinakusaidia pamoja. Weka simu ikuamshe, usijiamini.

Na hizo enaji soma ubavuni mwa kopo imeandikwa miligramu ngapi kwa mililita 100, kisha zidisha kwa ujazo wa kopo. Ikiwa ni 32 kwa 100 na chupa ni mililita 500, umeshameza 160. Tatu ni 480. Sukari hata sitaki kuigusa leo.

Fuso_la_Horohoro

Tajiri anataka mzigo ufike asubuhi, mkuu. Hizo dakika 20 nitamwambia nilikuwa kwenye mzani.

Boda_Makorora

Hahaha Fuso umeua. Sie wa usiku tunachanganya enaji na mirungi, unakesha mpaka asubuhi unahisi unaweza kubeba pikipiki begani. Mirungi si nayo ni kafeini tu?

Sista_wa_Zamu

Si kafeini. Kitu cha kwenye mirungi kinaitwa kathinoni, kiko upande wa dawa za kusisimua za amfetamini, na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inaikataza hapa nchini, kwa hiyo usiniandikie hapa kana kwamba ni bamia. Ukichanganya na enaji, vyote viwili vinausukuma moyo. Mnaletwa mapokezi mnashika kifua, mapigo yanakimbia, jasho linatiririka, mnasema mmelogwa.

Pombe na enaji hali kadhalika. Enaji inakuondolea usingizi wa pombe, haikuondolei pombe. Unajiona mzima, mkono kwenye breki bado umelewa.

Na kwa kuwa mtauliza: tambuu na popoo nazo si kafeini. Ni kitu kingine kabisa, na zina saratani yake ya mdomo.

BiHarusi_Chumbageni

Samahani kaka Kaunta, naomba kuuliza. Nina mimba ya miezi saba. Mama mkwe ananiambia kahawa itamfanya mtoto awe mweusi, wifi anasema chai ya maziwa haina shida hata nikinywa chupa nzima. Yupi nimsikilize?

Sista_wa_Zamu

Mdogo wangu, hilo nalichukua mie. Rangi ya mtoto mwachie Mungu na baba yake, kahawa haihusiki.

Kinachohusika ni hiki. Kafeini inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, naye ini lake halijaweza kuisafisha. Na wewe mwenyewe miezi ya mwisho ya ujauzito mwili unaichelewesha sana, ile saa 5 aliyoitaja Kaunta inaweza kufika 15. Kikombe cha asubuhi unalala nacho. Unywaji mwingi unahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani linawataka wajawazito wanaopita miligramu 300 kwa siku wapunguze. Ulaya wameweka 200. Mie nakwambia fuata ya 200: vikombe viwili vya chai kwa siku umetulia, nafasi ya kahawa moja ndogo ya mjomba Dele ukiitamani bado ipo. Chupa nzima ya chai, hapana. Maziwa hayaondoi kafeini.

Halafu kuna jambo ambalo ni kubwa kuliko kafeini kwako. Zile dawa za kuongeza damu ulizopewa kliniki unamezea nini?

BiHarusi_Chumbageni

Namezea chai ya asubuhi dada, maana zinanitia kichefuchefu.

Sista_wa_Zamu

Ndicho nilichokuwa nakiogopa. Kwenye chai na kahawa kuna vitu vinavyoshikamana na madini ya chuma tumboni, chuma kinapita bila kuingia kwenye damu. Hilo si kosa la kafeini, hata chai iliyotolewa kafeini inafanya hivyo hivyo. Mezea maji, au juisi ya chungwa au ndimu, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Chai iwe saa moja au zaidi kabla au baada, na usiinywe papo hapo na mlo wa maharage na mchicha. Kama kichefuchefu kinasumbua, meza usiku wakati wa kulala, na waambie kliniki.

Nimeona kina mama wanarudi kila mwezi damu iko pale pale, vidonge wanameza kwa uaminifu kabisa, na kikombe cha chai pembeni.

BiHarusi_Chumbageni

Asante sana dada. Nimemsomea mama mkwe, amenuna.

Mwalimu_Mstaafu_Pongwe

Mada nzuri. Nina wajukuu nyumbani, mmoja ana kilo 20. Asubuhi chai ya rangi na kiporo cha muhogo, jioni soda akinilalamikia. Siku hizi naona hata watoto wa shule ya msingi wanashika chupa za enaji njiani. Kiasi gani kwa mtoto?

KauntaYaNgamiani

Shikamoo mwalimu. Ile mamlaka ya Ulaya iliweka miligramu 3 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku. Mjukuu wako wa kilo 20, mwisho wake ni 60. Chai moja nyepesi ya asubuhi ameingia. Akiongeza soda jioni amefika juu. Enaji ya chupa kubwa kwa mtoto huyo ni karibu mara tatu ya mpaka wake, na usiku hatalala, asubuhi darasani anasinzia, mwalimu anamwita mvivu.

Jioni mpe chai ya mchaichai, au tangawizi na mdalasini, bila majani ya chai. Hayo hayana kafeini hata kidogo. Maji ya rosela baridi pia.

Mwalimu_Mstaafu_Pongwe

Marahaba. Mchaichai ninao nyuma ya nyumba, ng'ombe ndiye anaufaidi.

Kwa faida ya wengine, mmea unajitengenezea kafeini kwa sababu zake. Ni sumu kwa wadudu wanaotafuna majani. Nenda Amani, pale Wajerumani walipofungua kituo chao cha utafiti mwaka 1902, uone milima ilivyojaa chai. Yale majani machanga mawili na chipukizi yanayochumwa ndiyo yenye kafeini nyingi, maana ndiyo laini, ndiyo mdudu anayatamani. Jina lenyewe la kafeini limetokana na kahawa, Mjerumani Runge aliitoa kwenye buni mwaka 1819, baada ya mshairi Goethe kumpa punje za kuchunguza.

Kibonge_wa_Mabawa

Mwalimu hujaacha kufundisha. Swali la presha bado. Mie presha yangu inapanda, daktari ananiambia punguza chumvi, hakusema kahawa.

Sista_wa_Zamu

Kafeini inapandisha presha kwa saa chache, zaidi kwa asiyezoea. Anayekunywa kila siku, mwili unazoea na kupanda kunakuwa kudogo. Chumvi daktari wako amelenga penyewe. Ila kuna kosa moja mnalofanya: mnatoka kwenye kahawa moja kwa moja mnakuja kupimwa. Kaa nusu saa bila kahawa, chai wala sigara, umetulia kwenye kiti, kibofu kiko kitupu, ndipo upimwe. La sivyo tunakuandikia dawa ya kikombe cha Dele.

Kama presha yako ni ya juu sana na haijatulia, kaa mbali na enaji kabisa.

Na msije mkaondoka mkidhani nasema kafeini ni adui. Kwenye wodi ya watoto njiti ni dawa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anasahau kupumua, sekunde zinapita kifua kimenyamaza, unamgusa mguu ndipo anakumbuka. Tunampa kafeini sitreti ya kupima kwa uzito wake, ubongo unachangamka, anapumua mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike hivyo kwenye mwongozo wake wa mwaka 2022. Mwili wake unaichelewesha zaidi ya siku tatu kupungua nusu, kwa hiyo anapewa mara moja tu kwa siku.

Boda_Makorora

Na ile ya nguvu za kiume? Kahawa chungu, tangawizi, karanga mbichi. Dele anajua.

Dele_na_Seredani

Mie nauza kahawa na kashata. Mteja akienda nayo kwenye mawazo yake, si biashara yangu.

KauntaYaNgamiani

Boda, ukilala vizuri na kuacha sigara utafika mbali kuliko kwa dele.

Turudi kwenye mfungo, maana ndiyo niliyoanza nayo. Anayetaka kufunga bila kichwa aanze kupunguza wiki moja au mbili kabla. Usikatishe. Ondoa kikombe kimoja kila baada ya siku mbili tatu, anza na vya mchana, maana mchana ndio utakaokosa. Ukibaki na kimoja asubuhi na kimoja usiku, Ramadhani ikiingia unahamisha cha asubuhi kwenye daku. Kikombe kimoja cha chai au kahawa ndogo wakati wa daku kinalifupisha lile pengo la saa 20 kuwa kama saa 14.

Mzee_wa_Bao

Na mtu akinywa daku, akirudi kutoka alfajiri atalalaje? Wengine tunajilaza mpaka saa 2.

KauntaYaNgamiani

Hapo mzee unachagua. Ukihitaji ule usingizi wa asubuhi, usiweke kafeini kwenye daku, punguza mapema tu kabla ya mwezi. Mwenye kwenda kazini saa 1 asubuhi, kikombe cha daku kinamfaa. Wanaoumia zaidi ni wale wanaokunywa vikombe sita baada ya tarawehe, hawalali, wanaamka na kichwa, na jioni kichwa cha pili.

Wasiwasi wa kuishiwa maji kwa sababu ya kahawa ya daku ni mdogo. Kwa aliyezoea, kikombe kimoja hakimtoi mkojo kuliko maji yaliyomo kikombeni. Kunywa na maji pembeni.

Dele_na_Seredani

Sasa mkuu Ramadhani ndiyo msimu wangu. Ukiwaambia wapunguze wiki mbili kabla, na usiku wapunguze, mie nile wapi?

Mzee_wa_Bao

Usijali Dele. Humu wanasoma, barazani hawapunguzi.

MpitaNjia_Sahare

Wakuu habari. Nimesoma uzi wote. Nina wiki hii nimeanzishiwa siprofloksasini kwa ajili ya mkojo kuuma. Tangu jana moyo unadunda, mikono inatetemeka, usiku sikulala. Chai nakunywa kama siku zote, vikombe vinne vitano vya rangi nzito. Dawa ndiyo mbaya?

KauntaYaNgamiani

Hapo kuna uwezekano mkubwa wa dawa na chai kugongana. Siprofloksasini inakizuia kimeng'enya cha ini kinachosafisha kafeini. Chai ile ile uliyoizoea inakaa muda mrefu zaidi mwilini, kila kikombe kinapanda juu ya kilichotangulia. Wakati wa dozi acha chai, kahawa, soda nyeusi na enaji. Maziwa na mtindi visiende pamoja na kidonge, vinazuia dawa kuingia.

Ukiona moyo unadunda bila mpangilio, kizunguzungu, au kifua kinabana, usisubiri majibu ya humu, nenda hospitali leo hii, na uwatajie dawa zote unazomeza. Umebakiza vidonge vya siku ngapi?

MpitaNjia_Sahare

Vya siku tatu. Kifua hakibani, ni kutetemeka tu.

KauntaYaNgamiani

Basi siku tatu hizo ni maji na mchaichai. Leo usinywe tena chai ya majani, na kesho asubuhi kichwa kikikuuma kidogo usishtuke, meza parasetamoli ya kawaida, ile isiyo na Extra. Piga simu au rudi kwa aliyekuandikia dawa umweleze, akiona inafaa atakubadilishia. Dozi usiikatishe mwenyewe.

Kibonge_wa_Mabawa

Mchaichai wa mwalimu utapanda bei.